Feni na Upande wa Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake, na nyinyi mliokuja kwa sababu tu mmeona turubai na viti mkaona si vibaya kukaa, familia inawashukuru nyote kwa kufika, inaomba simu zizimwe, watoto washikwe mikono, na wale waliosimama nyuma ya gari wasogee mbele, maana marehemu hakuwahi kumpenda mtu anayejibanza mahali asipoonekana, na hatutaanza leo kumzoesha.

Kabla ya kusoma maisha yake ni vizuri mjue jambo linalobishaniwa ndani ya nyumba hii tangu Jumanne, kwa sababu wengi mmelisikia nusu nusu na mmeshaanza kulitia chumvi. Marehemu, akiwa kitandani na akili zake timamu, aliomba kwamba siku ya kumzika, kabla ya kutoka getini, jeneza lake lizungushwe mzunguko mmoja kamili, polepole, mpaka liwe limemwelekea kila mtu aliyekuja. Baba yake mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alikataa, akasema jeneza si pia ya kuchezea watoto, na kwamba watu wataondoka hapa wakisema familia nzima imerukwa na akili. Binti wa marehemu akamjibu kwa adabu zote, "Babu, watu wamemsema mama tangu ana miaka minne, wakisema na hili watakuwa wameongeza moja tu." Hatutawaambia sasa hivi nani alishinda. Tutasoma kwanza, ili kila mmoja ajue ombi hilo lilitoka wapi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati inayotazamana na tangi la maji la reli, akiwa mtoto wa pili na binti pekee wa mama fundi cherehani na baba dereva wa lori, na alizaliwa mzima, mnene, mwenye sauti ya kuwaamsha majirani wa nyumba ya nne. Hili la uzima tunalisema kwa makusudi, kwa sababu wapo waliokaa hapa tangu jana wakinong'ona kwamba alizaliwa na kasoro, kwamba ni mambo ya upande wa mama, kwamba kuna kitu familia inaficha. Hakuzaliwa hivyo, na hakuna kinachofichwa, ndiyo maana kimewekewa kipaza sauti.

Mwezi Juni mwaka 1983, marehemu akiwa na miaka minne, mama yake alikuwa anapika uji huku anamalizia suruali ya mteja, akampa mwiko aulambe ili apate dakika mbili za kukaa kwenye cherehani, kama ambavyo kila mama aliyeko hapa amewahi kufanya na hakuna ubaya wowote. Mtoto akasikia honi ya lori la baba yake, akakimbia mlangoni na mwiko mdomoni, akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka kifudifudi, na ncha ya mwiko ikamchoma kooni, nyuma kabisa, upande wa kulia. Damu ilikuwa kidogo, haikujaza kijiko cha chai, akalia, akanyamazishwa, akanywa maji, akalala mapajani kwa baba yake, na nyumba nzima ikasema afadhali. Asubuhi iliyofuata mkono wake wa kushoto ulishindwa kushika kikombe, mguu wa kushoto ukawa unaburuzwa, na mdomo ukaenda upande. Zahanati ilisema malaria imepanda kichwani, ikamchoma sindano, mtaa ulisema amechezewa na mtu, ukataja na jina, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mwiko, maana mwiko wenyewe ulikuwa umeshaoshwa na kurudishwa kwenye sufuria.

Baada ya miezi mkono ulirudi, mguu ukarudi, mdomo ukanyooka, watu wakashukuru Mungu na kesi ikafungwa. Kitu ambacho hakikurudi hakuna aliyekijua, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakujua kwamba kimeondoka. Tangu siku hiyo marehemu hakuwa anaona chochote kilichokuwa upande wa kushoto, na hapa tafadhali tuelewane, maana jambo hili limewashinda watu wenye vyeti vya kutundika ukutani, si kwamba jicho la kushoto lilipofuka, hapana, macho yote mawili yalikuwa mazima kama ya kwako, ila kila jicho lilileta nusu ya kulia tu ya dunia, na ile nusu nyingine haikuwa giza, haikuwa ukungu, haikuwepo tu, kama ambavyo wewe uliyekaa hapo sasa hivi huoni weusi nyuma ya kisogo chako, huoni kitu, na wala huhisi kwamba umepungukiwa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukuambia kwamba dunia yake imekatwa katikati. Anadhani ndivyo dunia ilivyo.

Kwa hiyo aligonga bega kwenye miimo ya milango, daima lile lile la kushoto, akakanyaga nguo zilizoanikwa chini, akapita ndoo ya maji na kuipiga teke, mama yake akasema huyu mtoto anatembea kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na kila mtu akacheka, naye akacheka pia, kwa sababu mtoto anapenda kucheka na wenzake hata kama anayechekwa ni yeye.

Alianza darasa la kwanza Januari 1986, katika shule ya msingi ambayo mwalimu mkuu wake alikuwa huyu huyu baba yake mdogo, na yanayofuata yeye mwenyewe aliyasoma jana mchana, akavua miwani, akaifuta, akasema yasomwe yalivyo. Ubaoni iliandikwa sentensi nzima, marehemu akanakili nusu ya kulia, hesabu zake zilikuwa na majibu yasiyo na maswali, na akiambiwa asome kwa sauti alianzia katikati ya mstari kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyeingia kwenye maongezi ya wenzake bila kubisha hodi. Ripoti ya mwisho wa mwaka iliandikwa kwa Kiingereza ili iume zaidi, careless, not serious, plays too much, na baba yake, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye stop na no parking, alimwomba mdogo wake amtafsirie, naye akatafsiri kwa neno moja, mzembe, na neno hilo likakaa nyumbani miaka mingi kama mgeni asiyejua kuaga.

Mwaka 1987 mama yake alimpeleka kliniki ya macho, akakalishwa mbele ya ubao wa herufi, akazisoma za upande wa kulia mpaka zile ndogo kama sisimizi, za upande wa kushoto hakuzigusa, na mtaalamu akaamua kwamba jicho la kushoto ni vivu, lifungwe la kulia ili la kushoto lijifunze kazi. Mama yake, ambaye yupo hapa mbele na ameruhusu hili lisemwe, hakutaka binti yake afungwe kitambaa cha hospitali kama majeruhi, akamshonea vifuniko vya jicho vinavyolingana na kila gauni, cha bluu kwa sare ya shule, cha maua kwa Jumapili, cha kitambaa cha mapazia kwa kushindia nyumbani, na kwa mwaka mzima mtoto akatembea amependeza na anaona kidogo kuliko mwanzo. Tiba ile ilikuwa na akili sawa na kumfunga plasta mguuni aliyevunjika mkono, lakini ilitolewa kwa muhuri, na muhuri haubishiwi.

Kilichomfungua macho si kliniki, ni njaa. Kwa muda mrefu marehemu alilalamika mezani kwamba anapunjwa, "Mama, mimi mnanipa kidogo," na mama akamjibu, "Sahani zenu nimezijaza sawasawa, wewe tumbo lako halina chini," na kaka yake mkubwa, ambaye amekaa mstari wa mbele kwenye koti la kijivu na anajijua, alikuwa kimya, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Kaka huyu alikuwa amegundua kabla ya madaktari wote kwamba chakula kilichoko upande wa kushoto wa sahani ya dada yake hakina mwenyewe, na kila siku alikuwa anakivuna taratibu. Jumapili moja mchana mwaka 1988 marehemu alikasirika, akaisukuma sahani yake tupu ili aondoke mezani, sahani ikateleza juu ya mpira uliotandikwa mezani ikazunguka, na kutoka pasipojulikana yakatokea maharage, wali, na vidole vinne vya kaka yake.

Hakulia wala hakusema kwa mama. Aliirudisha sahani ilivyokuwa, maharage yakapotea, akaizungusha tena, yakarudi, akafanya hivyo mara nyingi mpaka chakula kikapoa na kaka yake akaogopa, akasema, "Basi, chukua, sitaki tena, usinitazame hivyo." Siku hiyo marehemu alijua kwamba kuna upande mwingine, kwamba upo siku zote, kwamba watu wanaujua na wanautumia, na kwamba njia ya kuupata ni kugeuza. Hakuwahi tena kula kabla ya kuzungusha sahani, hata ugenini, hata kwenye harusi yake mwenyewe.

Kutoka kwenye sahani akahamia kwenye kichwa. Alianza kugeuza shingo kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, anaposoma, anapotembea, anapoingia chumbani, na wanafunzi wenzake wakamwita Feni, kwa kumfananisha na lile feni la mezani lililokuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, la pekee shuleni, lililokuwa linageuza shingo kutoka ukuta hadi ukuta likiwapa upepo walimu tu. Kwa kugeuza hivyo alianza kunakili sentensi nzima, lakini shule ilikuwa inapenda watoto watulivu kuliko watoto wanaoona, na mwalimu mkuu alisimama mlangoni akamwambia, "Kichwa chako kina nini? Tulia, tazama mbele." Akajibu, "Nikitazama mbele, baba mdogo, unapotea nusu." "Hapa mimi si baba yako mdogo, ni mwalimu." "Basi, mwalimu, umepotea nusu." Alichapwa kwa jibu hilo, na kwa maelezo yake mwenyewe lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kutoa darasani.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1992, na ingawa alifaulu, mwalimu mkuu aliishauri familia kwamba nafasi ya sekondari isipotezwe kwa mtoto wa namna hiyo, afundishwe kazi ya mikono. Baba yake akamsikiliza mdogo wake, kwa sababu wakati ule aliyesoma alikuwa anasikilizwa, si kama siku hizi ambapo aliyesoma anatumwa kununua sukari. Marehemu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, akatoka, akasema, "Sawa, baba mdogo, kazi ya mikono, lakini nitaandika kubwa kuliko wewe."

Ndivyo alivyoingia kwenye kazi ya kuchora mabango, akajifunza kwa kumchanganyia rangi na kumshikia ngazi mchoraji aliyekuwa karibu na gereji ya malori, na mwaka 1997 akapata kazi yake ya kwanza mwenyewe, ukuta wa kinyozi wa kona. Alipanda ngazi, akaanza kuandika pale alipoona ukuta unaanzia, kumbe ni katikati, herufi zikamwishia ukuta, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufuta, akageuka kona na kuendelea upande wa pili. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akauliza, "Dada, hiki nini, bango langu limekata kona kama baiskeli?" naye akamjibu kutoka juu, "Wa barabarani watasoma mwanzo, wa uchochoroni watasoma mwisho, wote wakija kuuliza wanyoe." Walikuja kweli, wengine kucheka tu, na kwa miaka mingi wenye maduka ya kona waliomba waandikiwe kama kwa kinyozi. Lakini yeye alijua lilikuwa kosa, na hakutaka liwe la pili, akanunua uzi mwekundu, na tangu hapo kila kazi aliianza kwa kugongelea uzi huo kwenye ukingo wa kushoto wa ukuta, kisha anageuza kichwa mpaka auone, na msemo wake ulikuwa huu, kama sijaona nyekundu sijafika mwanzo. Jina la kutaniwa akaliandika mwenyewe juu ya mlango wa karakana, kwa herufi zenye urefu wa mtoto, FENI, na baada ya hapo hakuna aliyeweza tena kumtania nalo.

Mwaka 2003, tarehe 6 Desemba, alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye alikuwa amefunga taa za karakana hiyo. Siku ya kwanza walipokutana fundi alisimama kushoto kwake akamsalimia, akanyamaziwa, akasalimia tena, akanyamaziwa, akaenda kuwaambia wenzake kwamba yule dada wa mabango anaringa kama mwenye mtaa, na alipopita upande wa kulia kuchukua koleo lake dada akamwambia, "Karibu, umefika saa ngapi?" Mume wake anasema alimwoa ili ajue ilikuwaje. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 2005 na mvulana mwaka 2008, na nyumba yao ikawa na desturi moja ambayo mgeni akiisikia mara ya kwanza alidhani ni ugomvi, kwamba yeyote anayemjia mama kutoka upande ule, akiwa na chai ya moto, akiwa na ndoo, akiwa mikono mitupu, lazima kwanza aseme, "Kushoto, mama," naye atajibu, "Njoo," bila kugeuka. Watoto hao walijua kusema kushoto kabla ya kujua kusema maji.

Tunafika mwaka 2009, na hapa tunaomba wale wanaochungulia saa wavumilie. Marehemu alikuwa anaandika ukuta wa wodi ya watoto katika hospitali kubwa, yupo juu ya ngazi na uzi wake mwekundu, na daktari wa ubongo wa watoto aliyekuwa anapita akasimama kumtazama anavyogeuza kichwa, akamuuliza, "Unatafuta nini?" Akamjibu, "Natafuta mwanzo, daktari, na wewe usinisimamie kushoto, nitakumwagia rangi bure." Daktari hakucheka. Alimwomba ashuke, amtazame puani bila kugeuza shingo, akanyoosha vidole vyake pembeni, kulia akaviona vyote, kushoto hakuona mkono wala koti, jicho moja likafungwa, kisha la pili, jibu likawa lile lile. Ilipopigwa picha ya ubongo ilionekana alama ya zamani, upande wa kulia, mahali palipokufa alipokuwa mtoto, na daktari akamuuliza kama aliwahi kuumia shingo au koo, naye akasema hapana, na mama yake, aliyekuwa amemsindikiza, ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Mwiko."

Ndipo walipoelezwa, baada ya miaka ishirini na sita, kwamba mshipa wa damu unaopanda shingoni kwenda kichwani ulipondwa kwa ndani na ncha ya mwiko, damu ikaganda hapo usiku ule wakati kila mtu anasema afadhali, kipande cha donge kikapanda ubongoni na kuziba njia, na katika sehemu zilizokosa damu ilikuwemo ile inayopokea picha ya upande wa kushoto kutoka kwenye macho yote mawili. Kwa neno moja, kiharusi. Mama yake akasema, "Kiharusi ni cha wazee," na daktari akasema, "Mama, mtoto naye ana mishipa." Mama akaanza kulia kwamba yeye ndiye aliyetoa mwiko, na marehemu akamwambia, "Ulinipa uji, mama, hukunipa mwiko, futa machozi watu wanatutazama." Halafu akamgeukia daktari na kuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu darasa la kwanza, "Kwa hiyo sikuwa mzembe?" Daktari akasema, "Hukuwa mzembe. Ulikuwa na kiharusi, na hakuna mtu aliyekiona." Akasema, "Niandikie," kisha akabadili mawazo, "Hapana, mimi ndiye mwandishi."

Alirudi wodini, akamaliza kazi aliyopewa, na chini yake akaongeza ambayo hakupewa, WATOTO NAO HUPATA KIHARUSI. Uongozi wa hospitali ulisema maneno hayo yanatisha wagonjwa, yakapakwa chokaa, akayaandika tena, yakapakwa tena, akafukuzwa hospitalini asirudi, akaenda kukodi kibanda kilichotazamana na geti la hospitali hiyo hiyo na kuyaandika ukutani kwake, makubwa zaidi, kwa rangi ya mafuta, na yapo mpaka leo, mtu yeyote anayetoka getini lazima ayasome, akiwemo aliyetoa amri ya chokaa.

Na watu waliyasoma. Walianza kuja akina mama na watoto wao, mmoja ambaye mwanawe mwenye ugonjwa wa seli mundu aliamka siku moja mkono umelegea, mkono ukapona, akabaki anagonga milango, mwingine ambaye binti yake aliumia shingo kwenye ajali ya gari, na wote walikuwa wameambiwa macho mazima, mtoto ana utundu. Marehemu hakujifanya daktari. Alimpa mtoto sahani ya karanga, akamtazama anavyokula, akiziacha za upande mmoja aliizungusha sahani mbele yake, na mama zao wanasema uso wa mtoto katika sekunde ile hausahauliki, kisha aliwashika mkono na kuwavusha barabara kwa daktari wake. Halafu alikwenda nao shuleni. Aliingia ofisi za walimu wakuu na ndoo ya rangi, akawaambia wamkalishe mtoto mahali ambapo ubao wote utakuwa upande anaouona, wamwache ageuze kichwa, wampigie mstari mwekundu pembezoni mwa daftari, na wasiandike tena ule upuuzi wa careless. Walimu walimwambia hana cheti cha mambo hayo. Aliwajibu, "Vyeti mnavyo nyinyi, na mtoto bado anachapwa."

Mwaka ule ule wa 2009 alikwenda pia kwa baba yake mdogo na picha ya ubongo wake mkononi, akaiinua dirishani ili mwanga upite, akamwonyesha lile doa, na mzee akatazama, akasema, "Hayo ni mambo ya zamani, mwanangu." Akamjibu, "Ya zamani kwako, baba mdogo. Mimi kila siku nayazungusha kwenye sahani." Wakanywa chai, hawakugombana, na hawakuliongea tena jambo hilo kwa miaka kumi na mitano, ingawa wote wawili walikuwa wanalijua lilipokaa.

Mnamo Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, la kulia, akafanyiwa upasuaji, akapata dawa, akapata nafuu, akarudi kwenye ngazi kinyume na ushauri wa kila mtu, na ugonjwa ukarudi mwanzoni mwa mwaka huu ukiwa umefika kwenye mapafu. Alipoambiwa alisema, "Huyu angalau amenijia upande ninaouona." Alifariki dunia nyumbani kwake siku ya Jumanne tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mume wake akiwa kulia na binti yake kushoto, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Kwa hiyo wale mlioanza kusambaza kwamba aligongwa na pikipiki kwa sababu alikuwa haoni, mnaombwa mrudi huko huko mlikosambaza mkakusanye maneno yenu. Alivuka barabara zenu miaka arobaini na moja akiwa na nusu ya dunia, na hakuna chombo kilichomgusa, kwa sababu alifanya kila mara kile ambacho nyinyi mnaoona pande zote hamfanyi, aligeuka kutazama.

Familia inamshukuru daktari wa ubongo wa watoto, ambaye amekaa pale upande wa kulia kwa mazoea, inawashukuru madaktari na wauguzi wa saratani waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa anarekebisha maandishi ya milango yao, inawashukuru majirani kwa maji, viti na mikono, wachoraji wenzake waliosimamisha kazi leo, kinyozi wa kona aliyefunga duka, na kwa namna ya pekee wale watoto waliokaa pale mbele, wanaogeuza vichwa, ambao mmekuwa mkiwakazia macho tangu asubuhi mkijiuliza wana nini. Hawana kitu. Wanatafuta mwanzo.

Sasa lile jambo. Marehemu alipoulizwa kwa nini anataka kuzungushwa, alisema kwamba maisha yake yote wapo watu waliopita kushoto kwake makusudi, ili wasimsalimie, ili wasimlipe, ili wamcheke, ili wamlie maharage, na wapo waliokaa upande huo kwa upendo wakimlinda bila yeye kuwaona, na hawezi kuondoka akiwa ameaga nusu. Asubuhi ya leo, kabla hamjafika, baba yake mdogo alitoka chumbani na fimbo yake, akawakuta wabebaji wanapangana, akawauliza mbele kushoto anashika nani, akaambiwa ni kijana fulani, akasema, "Aondoke. Hapo nilipaswa kusimama tangu mwaka themanini na sita." Wakamwambia, mzee, magoti yako. Akasema, "Magoti ni yangu. Zungusheni, lakini polepole, asikose mtu."

Kwa hiyo jeneza litazungushwa. Anayeona aibu afumbe macho yake mazima. Tunaomba msimame, msijibanze, na linapokuelekea mtazame usoni, kwa sababu leo hakuna upande wa kujificha, na sisi wa nyumbani tutasema kama tulivyozoea kusema tukimjia na chai, kushoto, mama, kushoto, dada, kushoto, mwanangu, ingawa safari hii hakuna atakayejibu njoo.

Umewaona wote sasa, Feni wetu. Tulia, na upumzike kwa amani, pande zote mbili.